Nyuma Imezibwa

...na sasa ameshuka tena, amechuchumaa, anaitazama plagi ya pikipiki kana kwamba plagi ndiyo imemkosea, na ni mpya kabisa ile, nyeupe kama jino la kwanza la mtoto, alikuja nayo kutoka Olkaria ikiwa ndani ya kisanduku chake, nilipomuuliza umenunua wapi akasema nimepewa na Wariara, hivyo tu, nimepewa, kama mtu aliyepewa chumvi na jirani, na huyo Wariara mwenyewe yuko hapa uani kwangu asubuhi hii, sura sijawahi kuiona lakini yuko, ndani ya simu iliyolazwa juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, spika wazi, sauti yake ya kike inatembea uani kwangu na viatu vyake vya matope, "Kip, umevuta choki?" anauliza, Kip, hakuna mtu anayemwita Kip hapa Mau Narok, mama yake akipiga simu kutoka kwao Kericho anamwita Kipkemei, jina zima, na kwangu mimi ni Baba Jebet, tangu Jebet akiwa tumboni ni Baba Jebet, sasa huyu amelikata jina la mume wangu katikati akabaki na kipande chake, "nimevuta," Kipkemei anasema, "nimevuta mpaka mwisho," "basi anza polepole, usimkasirikie," na anacheka, na mume wangu naye anacheka, anakaza plagi, anapanda, anasimama kwa mguu mmoja na kushusha mwili wote juu ya kiki, hrrp, kimya, hrrp, kimya, kuku waliokuwa wamekimbia wanarudi pale pale, na mimi nimeketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, moshi mgongoni, Jebet kwenye titi, moyo unanipiga kama ni mimi ninayepigwa kiki, kwa sababu ikiwaka anaenda, amesema mwenyewe jana tukinywa chai, ikiwaka tu, kesho yake asubuhi nashuka nayo mpaka Naivasha, mkataba wa mabomba umeisha lakini Wariara amenitafutia kazi ya kubeba watu wa mashamba ya maua, na kwa ploti ya Wariara kuna mahali pa kulaza pikipiki, nikamuuliza pikipiki italala kwa Wariara, na wewe utalala wapi, akaweka kikombe chini, akasema Jelagat, wacha hizo... wacha hizo, hilo si jibu, nimekaa nalo usiku kucha hilo, nimeligeuza huku na huku kama chapati, wacha hizo ndiyo jibu la mtu ambaye jibu analo.

Hrrp. Haitawaka. Najua mimi kwamba haitawaka, na pikipiki inajua, na huyo wa kwenye simu hajui, na hilo peke yake linanipa raha fulani chafu tumboni, kama raha ya kula sukari kwa kidole mama akiwa nje, kwa sababu ndani ya ekzosi kuna gunzi, gunzi la mahindi, nililiweka mimi mwenyewe alipoenda Olkaria kufunga mabomba ya mvuke, aliniambia Jelagat itunze hii, nikirudi ndiyo shamba letu hii, akanishika shavu, akapanda lori la viazi, basi nikaitunza, tumbo likiwa hapa, kubwa, siwezi hata kuona vidole vyangu vya miguu, nikaisukuma mpaka stoo, nikaiinua juu ya mawe ili tairi zisioze, nikapaka cheni mafuta, nikatoa betri nikaiweka chini ya kitanda, halafu nikapiga magoti nyuma yake kwa shida, nikalifunga gunzi kwa kipande cha karatasi ya nailoni na kulisukuma ndani kwa mpini wa mwiko mpaka likapotea, hata ukichungulia hulioni, maana panya wa stoo ya viazi akipata shimo lenye joto la chuma anazaa humo, baba alinifundisha hivyo, baba alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba makubwa ya ngano hapa juu, na ngano ikishavunwa kombaini inalala mpaka msimu mwingine, hawaiachi wazi, wanaiziba bomba la moshi kwa gunzi na gunia halafu wanafunga kitambaa chekundu kwa usukani, mtoto yeyote wa mashamba ya ngano anajua, ukiona kitambaa chekundu kwa usukani usiguse ufunguo, nyuma imezibwa, nami nikafunga kitambaa changu chekundu, nilikirarua kutoka kwa leso yangu ya arusi, nikakifunga kwa usukani mafundo mawili, nikasema akirudi atakiona, na amekiona, jana, alipofunua magunia alikiona akakifungua, nikiwa nimesimama pale na ndoo ya maji, akakinusa, akafuta nacho tangi, vumbi lote, taratibu, anafuta kama anamwosha mtoto, nikajua huyu hajui, kwao ni watu wa majani chai, kombaini hawajawahi kulaza, nikafungua mdomo, naapa nilifungua mdomo nimwambie, nyuma imezi... na simu ikalia, akaitoa mfukoni akaitazama na kutabasamu, tabasamu ambalo nilikuwa nimelisahau, la zamani, la wakati ule anakuja kunichukua shuleni Jumamosi na kujifanya ameleta viazi, akaitikia, "Wariara, niaje," nami nikafunga mdomo wangu, nikaenda na maji yangu. Kitambaa chenyewe kiko mfukoni mwake nyuma sasa hivi, kimening'inia nje, cheusi kwa mafuta, ncha tu ndiyo bado nyekundu.

"Kip, tuliza akili," sauti inasema, "petroli ya zamani ulimwaga yote?" amemwaga, nilimwona, ilinuka kama rangi ya mlango, akaimwaga pale kwenye nyasi na nyasi zimeshaanza kukauka, "kabureta ulifungua, ukapuliza?" alifungua, alipuliza, akazipanga sehemu zake juu ya sinia langu la kupepetea maharagwe bila kuomba, sinia sasa linanuka petroli, maharagwe ya leo yatanuka petroli, na tutakula hivyo hivyo, "stima inafika kwa plagi?" "inafika, nimeona cheche," "haiya, basi ni pumzi, weka mkono kwa ekzosi uone kama inapumua"...

Nimeacha kuvuta hewa. Jebet ameachilia titi na kunitazama, watoto wanajua, damu ya mama ikigeuka maziwa yanageuka ladha, nimemrudisha kwenye titi bila kumwangalia, namwangalia Kipkemei, mkono wake wa kulia, ule wenye kovu la msumeno, umeinuka kutoka kwenye usukani, akiuweka tu pale nyuma na kupiga kiki atajua, chuma baridi, hakuna pumzi hata kidogo, ataingiza kidole, kisha waya, kisha gunzi litatoka, na itanguruma na moshi mweusi utajaa uani, na kesho asubuhi... mkono umekuna shingo. Umekuna shingo tu, umerudi. "Ekzosi iko sawa," anasema, "ilikuwa imefunikwa vizuri," bila hata kugeuka, na sauti inasema "una hakika?" na anasema "ai, Wariara, mimi nimekuwa na hii nduthi kabla nikujue," na nimevuta hewa, na hewa imeingia na moshi, nimekohoa, hakuna aliyeuliza kwa nini nakohoa.

Kabla nikujue. Sasa hayo ni maneno ya kumwambia mtu wa kazini kweli, kabla nikujue, mimi ndiye niliyeambiwa hivyo, kabla nikujue nilikuwa naona barabara tu, sasa naona barabara na mtu mwishoni mwake, na nilicheka nikamwambia wewe uache kunisomea kama redio, lakini niliyaweka hayo maneno, niliyaweka kama nilivyoweka betri, chini ya kitanda, nikiyatoa jioni nayafuta vumbi... na shati lake lile la buluu, nililifua alipokuja Krismasi, lilinuka yai bovu, akasema ndiyo harufu ya mvuke unaotoka ardhini kule, kila kitu kinanuka hivyo, hata mkate, sawa, nikaamini harufu, lakini kifungo, kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani, katika nyumba yangu hakuna uzi wa kijani, uzi wangu ni mweupe na mweusi na ule wa gunia, na ulikuwa umefungwa kwa ndani kwa kuzungushwa vizuri, hiyo si kazi ya mwanaume, mwanaume akishona kifungo anashona na shati la ndani, nilisimama na shati pale kwenye kamba mpaka maji yakakauka mikononi, nikamuuliza baadaye, akasema fundi, fundi gani anashona kifungo kimoja kwa uzi wa kijani kwa shati la buluu, fundi kipofu?, ni mtu aliyekaa naye, aliyekuwa na sindano karibu, aliyemwambia lete hapa, usivue, nitashona hivyo hivyo ukiwa umevaa, na akainama akakata uzi kwa meno, hapa, karibu na kifua, naona hata kichwa chake, nywele zimesukwa, zimebana vizuri, si kama hizi zangu zinazonuka kuni, na anajua kufunga mabomba, ana kofia ngumu ya kazi, ana viatu vya chuma, Kipkemei alinionyesha picha mara moja, watu wengi wamesimama kwenye mvuke, akasema huyo wa mwisho ndiye Wariara, nikatazama, mvuke umefunika uso wote, ni kofia tu na mikono, nikasema yuko sawa.

"Mama, nataka chai!" Si Jebet, Jebet hajui kusema, ni ndani ya simu, mtoto ndani ya simu, ana mtoto, ni wa nani, na kichwa kimeanza kupiga hesabu chenyewe kabla hata sijakituma, aliondoka lini, Jebet alizaliwa lini, na Wariara anasema "ngoja kidogo mami, naongea na anko," anko, "nataka na mkate, na usiweke tangawizi," mtoto anasema, na hapo nimetulia, nimetulia mpaka nimeona aibu, mtoto anayeweza kusema usiweke tangawizi ameishi miaka yake hapa duniani, huyo alikuwa anatembea kabla mabomba hayajafika, si wa Kipkemei, asante Yesu, halafu nikajichukia, Jelagat, unamshukuru Yesu juu ya mkate wa mtoto wa mtu... lakini anko. Anamjua. Amekaa kwao mpaka mtoto akamzoea, na huyu wangu alipokuja Krismasi Jebet alimlilia kama mgeni, alijificha hapa shingoni, Kipkemei akasema atanizoea, akatoka nje kwenda stoo kuichungulia pikipiki, hata magunia hakufunua.

Hrrp, hrrp, hrrp, anapiga kwa hasira sasa, jasho limemtoka katika baridi hii, ukungu bado umelala kwenye shamba la Wahome ng'ambo ile, na Zeddy anapita kwa barabara na pikipiki yake, amebeba mwalimu mmoja wa nasari na gunia la kabeji, anasimama hapo kwa ua, injini yake inanguruma tu bila shida, makusudi, anaipandisha kidogo ili isikike, "Bosi! Hiyo maiti bado haijafufuka?" Kipkemei anasema "pita, Zeddy, pita na kabeji zako," "wacha nikuitie pasta," mwalimu anacheka amejifunika mdomo kwa mtandio, "hiyo ni ya kusukumwa, bosi, ingiza gia ya pili kwa mteremko ule, itaamka na jina lako mdomoni, ningekusukuma lakini nina abiria, mwambie mama Jebet," kisha kwangu, "mama, hujambo? Msukume mzee aende kazi!" na ameondoka, matope yanaruka, msukume mzee aende, ameyasema kwa kucheka, hajui amesema nini, Zeddy alikuwa bado hajahamia huku wakati ule, hawezi kujua, na Kipkemei amegeuka sasa, mara ya kwanza asubuhi hii amegeuka kuelekea jikoni, amefuta uso kwa kitambaa changu, amebaki na mstari mweusi kwenye paji la uso, "Jelagat, hebu weka mtoto chini, njoo unisukume."

Njoo unisukume... ilikuwa pikapu, nyeupe, ya mlango mmoja mwekundu, baba aliinunua kwa watu wa kiwanda cha mbao, haikuwa na stata hata siku moja, tulikuwa tunaisukuma sisi, mimi na mama, kila asubuhi, ilikuwa kama sala ya asubuhi, na siku ile mavuno yalikuwa yameisha, kombaini imeshalazwa, kitambaa chekundu kimefungwa, baba alivaa koti la kanisani na hakuna kanisa siku hiyo, akasema naenda Salgaa kutafuta stata, nimechoka kuwasumbua, nimechoka kuwasumbua alisema hivyo, na mama alifurahi, naapa alifurahi, alivua viatu asiteleze, akaweka bega lake hapa, na mimi hapa, tukasukuma, kwikwikwi, ikashika, moshi ukatupiga usoni, baba akatoa mkono dirishani akapunga, mama naye akapunga, mikono yake ina matope hadi kwenye kiwiko, anacheka, akaniambia lakwet, mwanangu, leo baba yako analeta stata, hatutasukuma tena, na kweli hatukusukuma tena, alipata stata Salgaa, na chumba, na mwanamke mwenye hoteli anayeuza nyama kwa madereva wa malori, na watu walipotuletea habari mama alikaa chini akasema neno moja tu kwa siku nyingi, nilisukuma, nilisukuma kwa bega langu mwenyewe, na hadi leo baridi ikizidi anasema bega linamuuma, lile la kushoto, daktari hajaona kitu.

"Jelagat!" "Nanyonyesha," nimesema. Sauti imetoka ndogo, lakini imetoka. Na Jebet amelala kitambo, mdomo wazi, tone la maziwa kidevuni, titi liko nje kwenye baridi bure, Kipkemei akikaribia hatua chache ataona nasema uongo, hakaribii, anasema "sawa, maliza kwanza," na sauti kwenye mtungi inasema "nani huyo, ni mama mtoto? Haki na mimi napiga kelele hivi na mtoto analala! Mama, hujambo? Pole kwa usumbufu," ananisalimia mimi, mbele ya kuku wote, mama, hujambo, sikutaka salamu yake, nilitaka abaki hana sura, hana adabu, nilishamtengenezea adabu mbaya, nimeishi nayo tangu Krismasi, na midomo yangu imesema "sijambo" kabla sijaizuia, sijui kama imefika, na anasema "Kip, wewe, si huyu mama ndiye aliiweka hiyo nduthi? Muulize yeye. Anayelaza ndiye anajua alivyolaza, hata kule kazini hatufungui valvu mpaka aliyeifunga aulizwe." Hatufungui mpaka aliyeifunga aulizwe... kitambaa chekundu, na wao wanacho, sijui kwao ni cha rangi gani lakini wanacho, na Kipkemei anacheka, cheko fupi lile la puani, anasema "huyu? Huyu ni wa jikoni, Wariara, hata gia hajui iko wapi."

Wa jikoni. Hakusema kwa ubaya, hiyo ndiyo inauma, amesema vile mtu anasema mlango ni wa mbao. Nilingoja Wariara acheke. Nimemngojea, nimekaza meno, nikasema moyoni cheka sasa, cheka nikuchukie vizuri, nimalize... hakucheka. Moto umepasuka huku nyuma yangu, tok, halafu akasema, polepole, na ile sauti ya kuchezacheza imemtoka kabisa, sauti ya mwanamke aliyesimama jikoni na sufuria la chai ya mtoto, nayo pia imechoka, "Kip. Muulize mama," na "haya, chaji yangu inaisha," na tut, tut, tut, na uani pamekuwa kwangu tena, ghafla, pakubwa, patupu.

Ameitazama simu. Ameirudisha mfukoni, mfuko ule mwingine, si ule wa kitambaa. Amenitazama. Sasa, nimesema moyoni, sasa, na nimefunika titi, nimenyoosha mgongo, kama mtoto wa shule aliyesoma jana na anajua mwalimu atamchagua, Kipkemei, niulize, swali dogo tu, nani aliinua hii juu ya mawe, hujashangaa tairi hazijaoza?, nani alitoa betri, ulidhani betri ilitembea yenyewe ikaenda chini ya kitanda?, nani alikuwa anazungusha tairi kila mwezi zisikae upande mmoja, nani alikuwa anaingia pale stoo jioni anafunua gunia anakaa kwenye kiti hicho, tumbo likigusa tangi, anashika usukani na kunusa jaketi lako la zamani, na Jebet alipozaliwa nikampakata hapo hapo mbele, nikamwambia hii ndiyo ya baba, shika, akashika klachi kwa mkono mzima, gia sijui?, naijua mpaka ilivyo baridi, niulize... na ametazama juu ya kichwa changu, angani, kama mvua iko karibu, akapiga mluzi kidogo, akapanda tena. Hrrp.

Na ni jambo la ajabu, sikuumia pale nilipodhani nitaumia. Nilidhani gunzi limenisaidia, usiku kucha nimelala nimelikumbatia lile gunzi, limfunge hapa, limfunge wiki, limfunge mpaka kazi ya Naivasha ipate mtu mwingine, nikajiona nina akili kumshinda mama, mama alisukuma, mimi nimeziba, lakini mtu ambaye hajaniona niko hapa ameketi hatua chache kutoka kwangu na hayuko, gunzi haliwezi kumzuia mtu ambaye hayuko, limezuia chuma tu, na mimi sikuliweka kuzuia mtu, niliweka ili panya wasiingie, niliweka kwa magoti yangu, kwa mapenzi, jamani, kwa leso yangu ya arusi, sasa kwa nini nilifiche kama kitu nilichoiba, ni langu, ni kazi yangu, kazi nzuri, aliyeifunga ndiye anayejua, hata kule kwenye mabomba wanajua hivyo, na yule mwanamke... simpendi, hapana, kifungo bado ni cha kijani, na siku nikimwona nitaanza kwa kumwangalia vidole kama vina sindano, lakini yeye ameniona kupitia simu iliyolala juu ya mtungi, na huyu mwenye macho mawili hajaniona, na wivu wangu, ambao ulikuwa umeshika barabara ya Naivasha moja kwa moja, umesimama hapa uani, umegeuka, haujui tena umshike nani koo, umemwangalia huyu anayepiga kiki.

Hrrp. Waya wa kuning'inizia sufuria uko hapa ukutani, nyuma ya sikio langu, una ndoana mwisho wake, unatosha. Akiniuliza nitainuka. Sitasema wacha hizo, mimi si mtu wa wacha hizo, nitamwekea Jebet mikononi, amshike hata akilia, nitapiga magoti nyuma ya pikipiki nilitoe gunzi, nimwonyeshe, hili hapa, na kitambaa mfukoni mwako kilikuwa kinakwambia tangu jana, na ikinguruma ingurume, hata uani wote ujae moshi, na nitakapolitoa nitasema la pili, kesho kiti cha nyuma kina watu wawili, mimi na huyu, Naivasha si mwezini, tutamwona anko anavyolala kwenye hiyo ploti, tutakunywa chai isiyo na tangawizi, na akisema hapana, basi hapana yake nitakuwa nimeisikia na masikio yangu, mchana, si kwa watu wa kuleta habari... mimi sisukumi. Bega langu halitauma. Lakini mdomo sifungui kabla hajafungua wake, hapo sirudi nyuma hata hatua moja, naogopa, naogopa na nimekaa, amesema huyu ni wa jikoni, ndiyo, niko jikoni, mlango uko wazi, anajua njia, hrrp, kimya, hrrp, kuku wamekimbia wamerudi, ncha ya kitambaa changu inachezacheza mfukoni mwake kila akiruka, nyekundu, inasema, inasema, na mimi niko hapa, aniulize.